Nyundo Aliyenukia Karafuu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, jikoni, dukani, kwenye cherehani, nyuma ya kaunta. Sogezeni redio karibu kidogo. Leo tunamkumbuka mtu aliyepigwa kuliko ngoma, na ambaye naye aliwapiga watu wakapigika.

Wengi mlimjua kwa jina la Nyundo. Wengine mlimwita Marashi, tena mlimwita hivyo mkiwa mbali, maana ukiwa karibu yake jina hilo lilikuwa la kupotezea meno.

Nyundo amefariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minne. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi. Nyundo, mkenekaji wa mafuta wa ghala la nafaka, yule wa kuchemsha majani na karafuu na kuvuna mafuta yake kwa mvuke, amefariki. Namna alivyofariki tutafika. Lakini kifo chake hakieleweki bila maisha yake, na maisha yake yalikuwa vita.

Alianza ukuli ghalani akiwa na miaka kumi na minane. Ghala lenyewe mnalijua. Milango miwili ya chuma, sakafu ya saruji iliyopasuka, mwanga unaopenya kwenye matundu ya misumari ya bati. Nyundo alikuwa na mgongo mpana kama mlango, mdomo mwepesi, na ngumi nyepesi kuliko mdomo. Alimvunja taya mpima mizani aliyemwita mwizi. Alimtupa dereva wa lori juu ya rundo la maharage kwa kumtukania mama yake. Mkewe alikuwa mshonaji wa magunia palepale ghalani. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia, "Nilimpenda kwa sababu mimi hakunigusa. Wengine wote, mbona aliwagawia!"

Akacheka. Kisha akalia.

Ghalani mlikuwa na adui asiyepigika kwa ngumi. Fukusi. Mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye mdomo mrefu kama sindano. Anaitoboa punje ya mahindi, anataga humo, anaziba tundu. Mwanawe anaanguliwa ndani, anakula ukuta wa nyumba yake mpaka anatoka mtu mzima. Ukilitazama gunia, limejaa. Ukilinyanyua, jepesi. Ukilifungua, vumbi linakutemea usoni. Familia inalala na chakula cha mwaka, inaamka na unga wa mavi ya wadudu. Mnisamehe kwa neno hilo, lakini ndilo lenyewe.

Dawa ya siku zile ilikuwa vidonge. Ukiviweka kwenye nafaka vinatoa hewa ya sumu, na hewa hiyo inaua kila kinachopumua. Nasema tena. Kila kinachopumua. Hewa hiyo haichagui fukusi na mwenye gunia. Kwa wanaojua kazi, kwenye ghala lililofungwa na kutengwa na watu, vina matumizi yake. Sokoni viliuzwa kama peremende, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Dada yake mkubwa Nyundo alinunua vidonge hivyo. Alikuwa na magunia kumi na moja, na chumba cha kuyaweka kilikuwa kimoja, kile alicholala yeye na mumewe. Mwuza dawa alimwambia, "Viwili kila gunia, mama, na ufunge madirisha vizuri, usipoteze nguvu." Akafunga madirisha vizuri. Akaziba na uwazi wa chini ya mlango kwa kanga.

Asubuhi Nyundo ndiye aliyevunja mlango. Ndani mlinuka kitunguu saumu na samaki aliyeoza. Dada yake alikuwa sakafuni, kucha zake zimevunjika kwenye ubao wa mlango. Shemeji yake alikuwa kitandani, povu limemkaukia. Binti yao wa miaka sita alipona kwa sababu moja tu. Jana yake alikwenda kwa mjomba wake kusukwa nywele na mke wa mjomba, akalala hukohuko.

Nyundo hakulia. Alitoka, akapita sokoni mguu peku, akafika kwa mwuza dawa aliyekuwa akifungua kibanda.

"Umemwambia nini dada yangu?"

"Dada yako yupi, bwana? Nauzia watu wengi."

Hilo lilikuwa jibu baya kuliko yote aliyoweza kutoa. Nyundo alimpiga mpaka meza ikavunjika. Alimpiga mpaka mkono ukavunjika, wa kwake mwenyewe, akaendelea na ule mwingine. Watu saba walimvuta, wakamwachanisha naye kama wanavyomwachanisha fahali. Mwuza dawa alipoteza jicho la kushoto na hakulipata tena. Hatutalifunika hilo kwa sababu tuna msiba. Nyundo mwenyewe hakulifunika. "Nililitoa jicho la mtu," alikuwa akisema. "Dada yangu hakurudi. Jicho halikurudi. Fukusi wakaendelea kula."

Alifungwa miaka minne.

Gerezani, wapendwa, walimpeleka karakana ya sabuni. Msimamizi alikuwa mfungwa mzee mwenye mikono iliyobabuka kwa magadi, wote wakimwita Fundi Sabuni. Fundi alikuwa na pipa la chuma. Ndani yake maji na mchaichai, juu yake kifuniko kilichozibwa kwa unga uliokandwa, na bomba lililopita kwenye ndoo ya maji baridi. Mvuke unapanda, unapoa, unadondoka. Maji chini, mafuta juu, membamba kama tabasamu la mkopeshaji. Mafuta hayo yaliwekwa kwenye sabuni ili inukie.

Siku ya kwanza Nyundo alimwambia, "Mimi ni kuli. Kazi ya manukato mpe mwanamke."

Fundi Sabuni akachota maji ya moto kwa kata, akammwagia miguuni. Nyundo akaruka hadi ukutani.

"Umeona?" mzee akasema. "Unaruka vizuri. Sasa koroga."

Walipigana mara tatu mwezi ule. Mara zote tatu mzee alishinda, kwa kuwa alikuwa na maji ya moto na Nyundo alikuwa na hasira tupu. Mwezi wa pili wakawa marafiki.

Na siku moja Nyundo aliona jambo. Jiko la gereza lilikuwa na maharage yaliyojaa wadudu, mpaka wafungwa wakawa wanafanya mzaha kwamba hatimaye wanapewa nyama. Lakini gunia moja la maharage hayohayo, lililosahaulika miezi mitatu kwenye stoo ya sabuni, lilikuwa safi. Halina tundu. Linanuka mchaichai.

Akachukua chupa mbili za kioo. Akatia fukusi ishirini wa mahindi ya jikoni kila chupa, na punje za kula. Katika moja akaning'iniza pamba yenye matone ya mafuta ya karafuu, ya kwao wenyewe karakanani, akafunga. Akakaa akitazama kama mtu anayetazama mechi. Fukusi wakaanza kukimbia. Wakapanda kioo wakaanguka. Wakajikunja miguu. Kufikia jioni wote ishirini walikuwa chali, na wale wa chupa ya pili walikuwa wanakula bila habari. Inasemekana Fundi Sabuni alimkuta Nyundo amepiga magoti mbele ya chupa, anacheka na machozi yanamtoka, anasema, "Kufeni. Kufeni, wanaharamu. Kufeni polepole."

Wasikilizaji wapendwa, tangu siku ile mtu huyu alikuwa na haja moja. Moja tu, ishikeni. Alitaka kusiwe na mtu mwingine anayelala chumba kimoja na vidonge.

Alipotoka gerezani alijenga mtambo wake nyuma ya nyumba. Mpwa wake, yule binti, alikuwa sasa na miaka kumi, na ndiye aliyechuma majani. Mchaichai, kivumbasi, mkaratusi. Karafuu walinunua. Makuli wenzake walimpokea kwa vifijo.

"Huyo Marashi anakuja! Bibi harusi yuko wapi?"

"Sogea tukunuse, Nyundo, mke wangu siku hizi haogi!"

Wawili waling'olewa meno. Wa tatu akawa msaidizi wake.

Ghala lilimpa kona moja, magunia arobaini ya mahindi ya kula. Aliloweka vitambaa kwenye mafuta, akavipanga kati ya magunia, akafunika kona nzima kwa turubai na kukandamiza pindo kwa mchanga. Baada ya miezi minne walifunua. Fukusi walikuwa wamelala sakafuni kama pilipili manga iliyomwagika. Magunia arobaini, mawili tu yaliyotobolewa. Nyundo alizichota maiti zile kwa viganja, akazimwaga kwenye meza ya mwenyekiti wa ghala, juu ya chai yake.

"Hesabu," akamwambia.

Alikuwa na kiburi, sikatai. Lakini hakudanganya. Kila mwenye gunia alimweleza udhaifu wa mafuta yake. "Sumu inaua kimya," alisema. "Mafuta yana kelele. Ukiyasikia puani yapo kazini. Usipoyasikia yamekwenda, na wewe weka kitambaa kipya kabla fukusi hajarudi na ndugu zake." Kila wiki ya sita, kitambaa kipya. Tena alisema wazi kwamba unga utanukia kidogo. Mama mmoja alimlalamikia, "Mume wangu anasema anakula duka la manukato." Nyundo akamjibu, "Mwambie ashukuru. Anakula."

Miaka kumi na minne aliendelea hivyo. Nyumba kwa nyumba vidonge vikatoka, vitambaa vikaingia. Miaka kumi na minne bila kosa kubwa. Na hapo ndipo kosa lilipomkuta, nalo lilimkuta amesimama wima, kifua mbele.

Lilikuwa kosa la mbegu.

Mwaka ule dumuzi, mdudu mkali kuliko fukusi, aliingia kwenye mbegu za mahindi ambazo watu huzihifadhi kwa majivu. Wakulima wakamfuata Nyundo. Mpwa wake alimshika mkono. Yeye mwenyewe amenisimulia. "Nilimwambia, mjomba, mbegu si chakula. Tujaribu kwanza kopo moja, tuoteshe, tuone. Akaniambia, 'Mimi nimejaribu miaka kumi na minne, wewe ulikuwa unacheza kombolela.'"

Akatia mafuta ya karafuu kwenye mapipa ya mbegu, akayafunga kabisa, wiki tisa. Yalipofunguliwa hakukuwa na dumuzi hata mmoja. Watu wakampigia makofi. Wakapanda. Mvua ikaja, nzuri, ya kutosha. Siku saba, hakuna. Siku kumi, hakuna. Siku ya kumi na nne watu wakafukua mashimo kwa vidole. Punje zilikuwa mle, nzima, zinang'aa, zinanukia karafuu. Zimekufa. Mafuta yaliyomwua mdudu yalikuwa yameua na kiini cha mbegu.

Walikwenda kwake mchana kweupe, watu kama themanini. Mbele alikuwa jirani yake, seremala, mwenye ubao wa futi nne mkononi. Seremala alikuwa amepanda shamba lote la mama yake kwa mbegu ile.

"Toka, Marashi!"

Nyundo akatoka. Ubao wa kwanza ulimpata sikioni, sikio likachanika. Wa pili mbavuni. Kisha ngumi, mateke, mawe, na mwanamke mmoja aliyempiga na mbegu zenyewe, konzi kwa konzi, akilia, "Kula! Kula wewe!" Mtambo ulipinduliwa. Maji yanayochemka yalimuunguza mgongo wote. Mkewe alikuwa mlangoni akipiga kelele, "Jitetee! Nyundo, jitetee, una mikono!"

Mikono ilibaki chini. Mtu aliyekuwa akivunja taya kwa neno moja alilala kwenye matope ya majani yake akapigwa mpaka waliompiga wakachoka.

Alilala wiki tano. Mkewe alimuuliza kwa nini. Akasema, "Ningempiga nani? Wote walikuja na haki yao."

Alipoinuka alifanya mambo mawili. La kwanza, alianza kuotesha punje kwenye kitambaa kibichi, tone moja, nusu tone, bila tone, mpaka akajua kwa macho yake kwamba mafuta hayana kazi kwenye mbegu, akatangaza ghalani mbele ya watu, "Nilikosea. Mbegu rudisheni kwenye majivu. Chakula nileteeni." La pili, misimu miwili mfululizo alilima kwa jembe mashamba ya waliopoteza, mgongo ule ulioungua umefunikwa kwa gunia. Wengi walimsamehe. Seremala alimfukuza mpakani.

"Mkono wako usiguse udongo wangu. Na mafuta yako usiyapitishe mlangoni kwangu. Nina njia yangu."

Hiyo ni miaka saba iliyopita. Njia yake seremala ilikuwa vidonge.

Sasa tufike Jumanne ya wiki iliyopita, saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Seremala alikuwa karakanani kwake, hatua thelathini kutoka nyumbani, akipiga randa. Nyumba yake ni ndefu, vyumba vinne vimepangana chini ya paa moja. Haina dari, kuta hazifiki juu. Chumba cha kwanza ni cha familia, na humo mlikuwa na magunia tisa. Vyumba vingine vitatu ni vya wapangaji, wafanyakazi wa zamu ya usiku, na mchana ndio usingizi wao. Kwa sababu ya mvua madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Na bati lilikuwa linavuja juu ya magunia. Vidonge vile, wapendwa, vikipata unyevu vinafoka.

Nyundo alikuwa anapita kutoka ghalani. Pua yake ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kazi. Akasimama kwenye mvua. Akanusa. Hakubisha hodi. Alirudi nyuma hatua tatu, akaupiga mlango wa jirani yake kwa bega.

Seremala alisikia kishindo, akatoka mbio na ubao. Aliona nini? Alimwona adui yake wa miaka saba akivunja nyumba yake. Akampiga. Akampiga mgongoni, palepale pa makovu. Akampiga tena, ubao ukapasuka. Nyundo hakugeuka hata shingo. Pigo la bega la tatu likang'oa bawaba, akaingia. Akatoka amembeba mke wa seremala kama gunia, kichwa kinaning'inia. Akamlaza kwenye matope. Akarudi, akatoka na mama mzazi wa seremala, mwanamke wa miaka themanini, midomo ya bluu.

Seremala alisimama na kipande cha ubao mkononi.

"Tupa hicho, mjinga!" Nyundo alimfokea. "Waamshe wapangaji! Gonga, vunja, waburute! Mimi natoa magunia!"

"Yaache! Nyundo, yaache magunia!"

"Hewa inapita juu! Nenda!"

Seremala akaenda. Alivunja milango mitatu. Mpangaji wa kwanza alitoka anayumba, wa pili anatapika, wa tatu ilibidi aburutwe kwa miguu. Na muda wote huo Nyundo alikuwa akiingia na kutoka, gunia begani, anaingia na kutoka. Daktari ameniambia ninalotakiwa kuwaambia, nami nalisema wazi. Msifanye alivyofanya. Toeni watu, kaeni mbali, iteni msaada. Yeye alikuwa kuli. Akiona gunia alijua kitu kimoja tu cha kulifanyia. Magunia tisa. La tisa alilitupa barabarani, likapasuka, mahindi yakasambaa kwenye maji. Akaketi juu yake. Akatapika damu.

Watu watano wako hai leo. Nyundo alikufa siku mbili baadaye, Alhamisi asubuhi, wodini, mpwa wake amemshika mkono. Seremala alikuwa miguuni pa kitanda.

"Bwana Nyundo," alimuuliza Jumatano, "kwa nini hukuniambia, nilipokuwa nakupiga?"

"Ningekuambia ungebishana. Wewe nakujua."

Mpwa wake anasema hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri. Mengine yalikuwa kikohozi.

Juzi nilimkuta seremala uani kwake, akitengeneza jeneza, hataki mtu mwingine aguse ubao. Nilimuuliza kama ana neno kwa wasikilizaji. Alimaliza kuupiga randa ubao mmoja. Kisha akasema, nami nayasoma kama nilivyoyaandika, "Siku ile ya mbegu nilimpiga nikiwa na haki. Haki ile nikaikalia miaka saba kama kiti. Nikadhani aliyekosea mara moja mbele yangu hawezi tena kuwa na la kunifundisha. Mke wangu na mama yangu walikuwa wanalala ndani ya kiburi changu. Nimempiga mtu yule mara mbili. Mara ya pili alikuwa ananibebea mama yangu."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mjane wa marehemu, mshonaji wa magunia. Pole kwa mpwa wake, ambaye jana amewasha moto chini ya pipa, kwa kuwa wiki ya sita imefika na vitambaa ghalani haviwezi kungoja matanga yaishe. Pole kwa makuli wote, wenye meno na wasio nayo. Pole kwa seremala na nyumba yake, wagonjwa bado wako wodini. Mungu ampumzishe Nyundo, mtu mkali.

Ninyi mnaonisikiliza, nina ombi moja. Msinipigie simu kumsifu. Kuna mtu aliwahi kukukosea, na tangu siku hiyo hujamsikiliza tena. Mfikirie huyo. Na kama nyumbani kwako kuna magunia yenye vidonge, kipindi hiki hakina kitu kingine cha kukupa. Zima redio. Inuka sasa hivi, kawatoe watoto kwenye chumba hicho.